Mdhamini Wangu wa Mazinde

Barua ya kuomba kazi mimi naisoma kuanzia chini. Vijana wanaoniletea barua zao hapa nyumbani Korogwe nizitazame kabla hawajazituma hunishangaa sana. Wao wamehangaika kupanga kila kitu: juu jina na picha, katikati digrii na mitihani ya bodi ya uhasibu, na wengine wameweka hadi cheti cha kozi fupi ya kompyuta. Mimi nafunua moja kwa moja ukurasa wa mwisho, pale palipoandikwa "Wadhamini", naweka kidole kwenye jina la kwanza na kuuliza, "Huyu anajua kwamba ni mdhamini wako?"

"Anajua, mama."

"Anajua maana yake?"

Hapo kijana huanza kutazama saa.

Mnivumilie. Nimekaa kwenye kiti cha uhasibu mpaka nikastaafu, na kiti kile hakimfundishi mtu kuamini. Nikirudishiwa chenji nahesabu, na nikikuta imetimia nahesabu tena, maana iliyotimia mara ya kwanza inanitia wasiwasi zaidi. Wajukuu wangu wakisema wameshapiga mswaki, nakwenda kuugusa mswaki wenyewe kama umelowa. Kwa hiyo mkiona katika haya ninayowaandikia nawashuku watu wengi, hamjakosea. Wengi wao walistahili. Mmoja hakustahili, na huyo ndiye nataka kuwaambia habari zake, kwa sababu alinigharimu kazi nyingi kabla hajanipa moja.

Kwanza nawakubalia jambo lenu. Mnasema kazi siku hizi ni koneksheni, na mtu mwenye vyeti vyake vizuri anazungushwa mpaka soli za viatu zinaisha. Sisemi mnaongopa. Niliwahi kuitwa kwenye usaili, mahali ambapo sitapataja, nikamkuta binti ameshakaa kwenye meza ya kazi ileile tuliyokuja kuiomba. Ana kikombe chake cha chai chenye jina lake, na ndiye aliyetuandikisha mlangoni. Tulisailiwa wote, tukapewa soda, tukashukuriwa kwa kuja. Mahali pengine walitaka kila mwombaji alipie fomu dirishani, na nilipoomba risiti dirisha likafungwa. Siku hizi hao wamehamia kwenye simu, wanawatumia ujumbe wenye nembo nzuri. Mtu anayekutoza ili akuajiri hana kazi ya kukupa, kazi yake ni wewe. Msiache kuwashuku.

Mimi naitwa Sauda Petro. Baba yangu alikuwa Mbena, alikuja huku kama manamba kukata mkonge na hakurudi kwao tena. Mama ni mtu wa Mashewa, na mpaka leo ndugu zake wanalima huko. Nilizaliwa kambini Mazinde, nikakulia kwenye harufu ya mkonge uliosindikwa, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa karani wa mizani kiwandani. Walipopunguza wafanyakazi nilikuwa tayari mtu mzima mwenye mtoto. Badala ya kulia nikaenda kusoma. Nikasoma uhasibu nikiwa nimekaa dawati moja na vijana walioniita shangazi, nikafanya mitihani ya bodi, nikafaulu vizuri kuliko waliokuwa wakiniita hivyo.

Nikarudi na vyeti vyangu kwenye bahasha ya kaki, nikiamini nitagombaniwa.

Nilipeleka barua kila mahali palipokuwa na kabati la mafaili. Hospitali, shule, kampuni ya malori, watu wa matunda, watu wa mbao. Na sikuwa mtu wa kutojibiwa, ndiyo maana ilinichanganya. Niliitwa. Mtihani wa kuandika nilifaulu, nikaona kabisa mwenye kusahihisha anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kwenye mahojiano walicheka na mimi, wakaniuliza naweza kuanza lini. Halafu wananisindikiza hadi mlangoni na kusema, "Tutakupigia." Nasubiri. Hakuna anayepiga. Nikienda kuuliza, yuleyule aliyekuwa anacheka ananitazama kama anayetafuta kitu usoni mwangu, ananiambia nafasi imepata mtu.

Wakati ule nilikuwa nauza machungwa Segera, njia panda. Mabasi ya Tanga, ya Arusha na ya Dar es Salaam yote lazima yapite pale, na sisi wauzaji tulikuwa tunayakimbilia na mabeseni. Mtoto alikuwa kwa mama, Mashewa. Nilimwambia mama akae naye kwa muda tu, hadi nipate kazi. Mtoto akaanza shule kulekule, na nilipokwenda kumtembelea aliniamkia "shikamoo" kwa adabu sana, kama anavyomwamkia mgeni. Nilicheka mbele yake. Baadaye nilikwenda nyuma ya jiko nikalia. Kwangu kazi haikuwa jambo la kuvaa skuna na kukaa ofisini. Nilikuwa nampoteza mwanangu huku namwona.

Basi nikaanza kushuku. Kushuku nako kunataka utaratibu, na mimi nilikuwa nimesomea utaratibu. Kwanza nikalishuku jina langu. Sauda Petro. Nikajisemea kwamba kwenye ofisi ya Waislamu wananikataa kwa ajili ya Petro na kwenye ofisi ya misheni wananikataa kwa ajili ya Sauda. Nikafikiria hata kuwa na barua za aina mbili. Halafu nikawashuku vijana niliosoma nao, kwamba wanapita nyuma yangu kunisema. Nikamshuku shangazi yangu niliyekuwa nalala kwake hapa Korogwe, kwa sababu kila nikitoka kwenye usaili alikuwa wa kwanza kuuliza wamesemaje. Nikaacha kumwambia siku za usaili. Matokeo yakabaki yaleyale, nikamfuta kwenye orodha kichwani mwangu, ila sikumwambia kwamba aliwahi kuwemo.

Mama yeye hakuhitaji uchunguzi. Alisema nimefungwa.

"Umefungwa, mwanangu. Mtu anasoma hivyo, anaitwa, halafu mlango unajifunga? Twende Handeni, kuna mtu huko anafungua."

Nilikwenda, kumridhisha. Yule bwana wa Handeni alinitazama mikono, akataja gharama zake. Nikamuuliza kama anatoa risiti. Mama alinifinya. Mganga alisema hajawahi kuulizwa swali hilo na kwamba mtu mwenye moyo wa namna ile dawa haimshiki. Tukarudi bila dawa, na mama hakusema nami njia nzima.

Kilichofungua jambo lenyewe kilikuwa basi la mchana. Lilisimama Segera, nikakimbilia dirisha nikiwa na beseni langu, mkono ukatoka kuchukua mfuko wa machungwa, na mwenye mkono akaniita kwa jina. Alikuwa Mwajuma, katibu muhtasari wa ile kampuni ya malori iliyonisaili nikafaulu na kunyamaziwa. Alinitazama mimi, akatazama beseni.

"Dada Sauda! Mbona huku?"

"Ndiyo kazi mliyonipa," nikamjibu. Sikuwa na adabu siku hiyo.

Akageuka kumtazama dereva, akainama karibu na dirisha. "Dada, mimi sikutakiwa kusema. Wewe ulikuwa wa kwanza. Bosi alikuwa ameshaniambia nichape barua yako. Ila tulimpigia mdhamini wako, akakukana."

"Akanikana vipi?"

"Alisema hamdhamini mtu. Tulipomuuliza kama anakufahamu akasema umehama, hajui uliko. Bosi akasema mhasibu aliyehama bila watu wake kujua alikohamia, huyo hapana."

Basi likaondoka. Alikuwa hajalipia machungwa na mimi sikukumbuka kumdai.

Wadhamini kwenye barua zangu walikuwa watatu, lakini mtu akishakanwa na wa kwanza, nani atahangaika na wa pili? Na wa kwanza alikuwa Mzee Mligo wa Mazinde. Huyu alikuwa mnyapara wa baba yangu shambani, mzee wa kanisa, mtu aliyebeba jeneza la baba. Nilipomaliza masomo nilikwenda kwake na sukari na sabuni, nikamwomba nimwandike kwenye barua zangu za kazi, ili wakitaka kuuliza habari zangu wampigie. Alifurahi. Alinipa namba yake ya simu kwa kunisomea tarakimu mojamoja, simu zenyewe zilikuwa bado ngeni vijijini kwetu. Ya kwake ilining'inia kwenye msumari wa dirisha, mahali pekee ndani ya nyumba ile mtandao uliposhika.

Njia yote hadi Mazinde nilikuwa natafuta sababu. Binti yake naye alisoma, labda anamtafutia kazi zilezile. Au alipewa kitu kidogo na mtu. Nilikumbuka hata jinsi alivyonitazama kanisani kwenye harusi moja, akainua mkono nusu, akaushusha. Hapo nikawa na uhakika. Nilifika mlangoni kwake nimeshaandaa maneno ambayo binti hamwambii mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alitazama barabarani, kulia na kushoto. "Umekuja peke yako? Ingia, ingia ndani. Funga huo mlango."

Nikaingia. Akavuta pazia. Akakaa karibu nami na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Unadaiwa na nani, mwanangu?"

"Mimi?"

"Usinifiche. Wamepiga mara nyingi. Leo sauti ya mwanamume, kesho ya mwanamke. Wote wanauliza kitu kimoja, mimi ndiye mdhamini wako? Nimewaambia simdhamini mtu. Nimewaambia umehama. Wa mwisho nimemwambia uko Morogoro." Akanigusa bega. "Hawatakupata kupitia kwangu. Baba yako alikuwa mtu wangu."

Yale maneno niliyoyaandaa nikayaacha.

Ili mwelewe lazima mjue yaliyompata. Mkwe wake alikuwa amekopa kwenye mikopo ya vikundi, mzee akawekewa karatasi mbele yake na kuambiwa, "Saini tu hapa, mzee, wewe ni mdhamini tu." Mkwe akatoroka. Wakaja na pikapu, wakachukua mbuzi, baiskeli na kitanda, majirani wakitazama. Tangu siku hiyo neno hilo kwake lilikuwa na maana moja. Na sisi wasomi wa barua za kazi tulikuwa tumelichukua neno lilelile bila kuwauliza wenye nalo, tukalifanya liwe na maana ya mtu anayekujua tabia. Mimi nilipomwomba sikulitaja. Nilisema "nikuandike". Waliompigia wakalitaja neno lenyewe, tena kwa sauti ya ofisini, bila salamu ndefu. Mzee akasikia pikapu inakuja.

Na ile harusi? Aliinua mkono kunisalimia, akahofia pengine kuna mtu ananifuatilia, akaushusha asinionyeshe.

Nilimweleza. Nilieleza polepole na kurudia. Kwenye barua za kazi, mzee, mdhamini ni mtu wa kusema ninamfahamu huyu, ni mwaminifu, basi. Hakuna mkopo. Hakuna anayechukua kitu.

"Basi si waandike 'anayemfahamu'?"

"Ndivyo walivyozoea."

Akakuna kidevu. "Na wewe karatasi zao umezisoma zote? Hata yale maandishi madogo ya chini?"

"Hakuna karatasi, mzee. Wanapiga simu tu."

"Hao wa mkwe nao walisema hakuna kitu. 'Mdhamini tu.' Hiyo 'tu' ndiyo iliyoondoka na kitanda changu." Alitazama simu yake pale kwenye msumari. "Mtu haulizwi bure kama ni mdhamini, Sauda. Mimi sikusoma, lakini hilo nalijua. Kuna kitu wanataka."

Niliondoka bila kujua atasema nini akipigiwa tena. Sikuwa na hasira naye tena, nilikuwa na hofu, na hofu ilikuwa mbaya zaidi. Kwa sababu barua yangu nyingine ilikuwa imeshafika Handeni, kwa kampuni ya kununua ufuta na mahindi, na jina la kwanza kwenye ukurasa wa mwisho lilikuwa lake. Nilifikiria kuwaandikia walifute. Nikajiuliza mimi mwenyewe ningemwona vipi mwombaji anayefuta mdhamini wiki ya usaili. Ningemtupa nje. Nikaliacha.

Na nilijiwekea kwamba ile ya Handeni ndiyo ya mwisho. Ikishindikana narudi Mashewa, nalima na mama, angalau mwanangu anizoee upya, na vyeti vikae juu ya kabati.

Mhasibu Mkuu wa pale Handeni aliitwa Bwana Mhina. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi baadaye, na naweza kusema alikuwa mtu wa kushuku kuliko mimi. Kalamu yake aliifunga kwa uzi kwenye meza. Alinipa urari wa hesabu niukague, nikaupitia, pande mbili zikalingana. Akauliza, "Zimelingana?"

"Zimelingana."

"Sasa utafanya nini?"

"Nitaanza upya."

"Kwa nini, na zimelingana?"

"Kosa likiwekwa pande zote mbili, hesabu inalingana vilevile. Na hii imelingana haraka mno."

Hakucheka, ila aliandika kitu. Vijana, hilo lishikeni: kulingana maana yake ni kwamba pande mbili zinakubaliana, na hata waongo wawili hukubaliana. Tulikuja kufundishwa kompyuta, zikaja mashine za risiti, leo kompyuta inakulinganishia yenyewe kabla hujavuta pumzi. Mimi bado nachukua vocha mbili tatu za katikati, natafuta mzigo wenyewe ulipo ghalani. Kompyuta haiendi ghalani.

Baada ya hapo Bwana Mhina akafunua ukurasa wa mwisho. Kumbe naye alikuwa wa kusoma mwisho.

"Watu wananiandikia binamu zao hapa," alisema. "Wanapanga nao cha kusema. Mimi wadhamini nawapigia hapahapa, mwombaji akisikia, ili asipate muda wa kupanga." Akavuta simu ya mezani, akabonyeza spika. Wenzake wawili wa kwenye usaili wakaegemea viti. Nikasikia simu ikiita Mazinde.

"Haloo."

"Haloo. Naongea na Mzee Mligo?"

"Nani anauliza?"

"Napiga kutoka Handeni, ofisini. Wewe ndiye mdhamini wa Sauda Petro?"

Kimya. Kimya kile kilikuwa kirefu kiasi kwamba mmoja wa wasaili alitazama kama simu imekatika. Nilisikia kuku wa nyumba ile. Moyoni nilikuwa nasema, mzee, sema unanifahamu tu, basi, sema hivyo tu.

"Hiyo kazi," akasema mwisho, "ni ya kushika hela?"

"Ndiyo, mzee. Ni ya uhasibu."

"Hela za watu?"

"Za kampuni, na za wakulima."

Akakohoa, akaanza kuongea kwa sauti ya mtu anayemsomea mwenzake aandike. "Haya. Andika. Mimi nina shamba la mpunga Mombo, kwenye skimu ya umwagiliaji, karibu na mdomo wa mfereji. Ndilo nililobaki nalo. Mwenyekiti wa wakulima ananijua, mpaka wangu una mawe. Akiharibu huyo binti, msimfuate yeye. Njooni kwangu, mchukue shamba. Umeandika?"

Bwana Mhina alikuwa hajaandika. Kalamu ilikuwa mkononi, uzi umening'inia. "Mzee, sisi hatuhitaji shamba lako. Tunataka kujua tabia yake tu."

"Tabia yake ndiyo hiyo ninayokwambia," akajibu Mzee Mligo, na akakata.

Mnaona? Hakunielewa hata kidogo. Yote niliyomweleza siku ile, pazia limefungwa, hayakuingia. Kwake mdhamini alikuwa bado ni yule wa pikapu. Alijua, kwa akili yake, kwamba akisema ndiyo anaweka shamba lake mezani kwa watu asiowajua, na baada ya yote yaliyompata akasema ndiyo. Nililia mbele ya watu wa usaili. Nilikuwa nimesikia kwamba mwombaji kazi hatakiwi kulia, nikalia tu. Bwana Mhina akazima spika, akafungua dirisha ambalo halikuhitaji kufunguliwa, akasema katika watu wote aliowahi kuwafahamu maishani, hakuna ambaye angemwekea yeye dhamana ya hata jembe.

Niliajiriwa. Mwezi uleule nilikwenda Mashewa kumchukua mwanangu. Alikuja na mzigo wake mdogo na kwenye basi alikaa mbali nami kidogo. Ilichukua muda.

Nilikwenda pia Mazinde kumshukuru mzee na kumwondolea mzigo. Nikamwambia shamba lake ni salama, hakuna mahali limeandikwa, hakuna anayelitaka. Alinisikiliza kwa subira ile ambayo watu wazima wanampa mtoto.

"Sawa, mwanangu. Wamekwambia wewe hivyo."

"Si kwamba wameniambia. Ndivyo ilivyo."

"Sawa. Fanya kazi vizuri."

Sasa niwaambie jambo ambalo chuoni hamtafundishwa. Kuna siku mtu atakuja na ankara. Kwangu alikuja muuzaji wa magunia, mtu mcheshi, akataka nipitishe ankara ya magunia ambayo hayajafika, akisema yako njiani na kwamba nami sitasahauliwa. Mtu wa namna hiyo hachagui siku mbaya. Huja siku ambayo ada ya shule inadaiwa. Nilimwambia asubiri nje. Nikakaa, na sheria za uhasibu hazikunijia kichwani hata moja, wala sikuwafikiria polisi. Nilimfikiria Mzee Mligo amesimama kwenye tope, suruali imekunjwa magotini, anatazama watu wanashuka kwenye gari. Nikamwita yule bwana ndani nikamrudishia ankara yake. Aliniuliza naogopa nini. Nikamfungulia mlango.

Ndiyo maana nawasumbua kuhusu ukurasa wa mwisho. Siku hizi mambo ni mabaya kuliko enzi zile, kwa sababu mnakopa kwenye simu na wenye mikopo wanawapigia watu wote mnaowajua, hadi mchungaji, hadi mwalimu wa darasa la nne. Namba ngeni ikiita, mtu hapokei, na akipokea anawakana kabla hajamaliza kusikiliza, tena kwa nia njema. Mwendeeni mtu wenu. Msimtumie ujumbe, nendeni, mkae, mwambieni jina la kampuni, mwambieni watatamka neno gani na kwa sauti gani. Na mwangalieni usoni wakati anasema ndiyo, mjue ni ndiyo ya namna gani. Msimwandike mbunge aliyewapa mkono siku moja kwenye mkutano.

Mzee Mligo aliishi miaka mingi baada ya hapo. Wakaguzi wetu wa hesabu walikuwa wakija mwanzoni mwa mwaka, na sijui nani alimwambia mzee habari za wakaguzi, pengine mimi mwenyewe. Kila mwaka kabla ya masika alinipigia. Hata nilipopandishwa cheo nikakaa kwenye meza ya Bwana Mhina, alipiga. Hata alipochoka mwili na shamba likalimwa na wajukuu, alipiga. Hakuwa na maneno mengi. Mara ya mwisho sauti ilikuwa imeshakuwa nyembamba, na nilisikia mtu amemshikia simu.

"Wakaguzi wamekwenda?"

"Wamekwenda, mzee."

"Wamekuta nini?"

"Hawajakuta kitu."

"Haya," akasema. "Ngoja niwaambie watoto wapande mpunga."